Soko la Krismasi Khwisero: Jaza kikapu, lakini linda afya yako

Ikifika wiki ya tatu ya Disemba, jirani zako wengi wa Kangemi, Kawangware na Umoja huwa wamekwisha kufunga virago. Mabasi ya usiku hujaa hadi mlangoni, nauli hupanda, na kilomita zipatazo 400 kutoka Nairobi, wazee huanza kutega masikio kila pikipiki inapokata kona. Ikiwa asili yako ni Khwisero, katika Kaunti ya Kakamega, au umeolewa huko, au umealikwa na rafiki ukaonje Krismasi ya Abakisa, basi makala haya ni yako.

Katika safari nzima hakuna siku tamu kama ile ya kwenda sokoni. Kanisani utakwenda, na mezani utaketi, lakini sokoni ndiko Krismasi inakoanzia. Iwe ni Khwisero penyewe, au Khumusalaba, jina ambalo lenyewe lamaanisha penye msalaba, au ukivuka mpaka wa kaunti hadi Yala na Luanda, siku za soko kabla ya Krismasi huwa si siku za kawaida. Kuku hulia wakiwa wamefungwa miguu, akina mama hupanga mafungu ya nyanya na vitunguu juu ya magunia, wauza mitumba hupaza sauti wakitaja bei, na kijana wa spika ya redio huhakikisha kwamba hakuna anayesikilizana na mwenzake.

Ukurasa huu haukusudii kukuharibia furaha hiyo. Kusudi letu ni kwamba uifurahie siku hiyo, na kisha urudi kazini Januari ukiwa mzima, wewe na watoto wako, na umwache mama mzazi akiwa mzima vile vile. Magonjwa mengi yanayowapata watu baada ya sikukuu huanza kwa jambo dogo lililofanyika sokoni au jikoni, na mengi kati yao yaweza kuzuiwa bila gharama yoyote.

SOKO LENYEWE NI DAWA

Kwanza tuseme mazuri. Mtu wa mjini hukaa kitini ofisini, hukaa kitini ndani ya matatu, kisha hukaa kitini mbele ya televisheni. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Ukiacha gari nyumbani na kutembea hadi sokoni pamoja na shemeji zako, na kurudi na kikapu mkononi, utakuwa umetimiza sehemu kubwa ya deni hilo kwa siku moja bila hata kutambua.

Tena kuna faida ya moyo. Sokoni utakutana na uliosoma nao darasa la nne, utasimamishwa na senje ambaye hujamwona miaka 3, na utaulizwa habari za kila mtu uliyemwacha Nairobi. Salamu ya "mulembe" haipitwi mbio. Novemba 2023, WHO iliunda tume maalum ya kushughulikia upweke, baada ya kutambua kwamba kuishi bila mahusiano na watu kunadhuru mwili kama zinavyodhuru tabia nyingine mbaya tunazozijua. Kwa hivyo usiwe na haraka. Simama, salimu, cheka, bishana bei kwa utani. Hiyo nayo ni sehemu ya ununuzi.

Vaa viatu vya kutembelea, beba kofia au mwavuli kwa ajili ya jua la saa saba, na chupa ya maji uliyoyachemsha nyumbani. Mwenye ugonjwa wa kisukari asiende sokoni kabla ya kula, kwani mizunguko ya huko haina saa. Kama umeongozana na mzazi mwenye umri mkubwa, mtafutie mahali pa kuketi kivulini huku wewe ukizunguka. Atakuagiza akiwa hapo hapo, na wanaompenda watamfuata.

KUKU: TAZAMA, PAPASA, SIKILIZA

Krismasi ya Mluhya bila kuku, ingokho, ni mazungumzo tu. Mgeni akiletewa sahani bila firigisi atajiuliza amemkosea nani. Kwa sababu hiyo, bei ya kuku hupanda katika wiki hii, na palipo na bei nzuri hapakosi mjanja. Kuku anayeanza kuugua nyumbani hukimbizwa sokoni kabla hajafa. Ugonjwa wa kideri huweza kumaliza kuku wa boma zima kwa siku chache, na msongamano wa sokoni ndio huusambaza kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Kabla ya kuuliza bei, mtazame kuku. Undu wake uwe mwekundu, usiwe wa zambarau wala mweupe. Macho yawe maangavu, yasiyo na machozi. Pua iwe kavu. Msogeze karibu na sikio na usikilize anavyopumua, akikoroma, mrudishe. Geuza umtazame nyuma: manyoya yaliyochafuka kwa kinyesi cha kijani au cheupe chenye maji ni dalili ya ugonjwa. Kisha mpapase kidari. Mfupa ukiwa umechomoza kama kisu, huyo amekonda na huenda ana minyoo au maradhi ya muda mrefu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimkagua kuku wake. Kama anakuharakisha, nenda kwa mwingine.

Ukishanunua, usimtie kuku katika kikapu kimoja na nyanya, mboga au mkate. Usimning'inize kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki kwa safari nzima. Ni mateso kwa mnyama. Kama boma lina kuku wengine, mfunge mbali nao hadi siku ya kuchinjwa. Ukifika nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea mtoto. Kinyesi cha kuku mwenye afya njema kabisa chaweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo humharisha mtu na kumtapisha.

NYAMA: TAFUTA MUHURI

Kuna familia zinazochanga pesa na kununua ng'ombe au mbuzi wa kuchinja pamoja, na kuna zinazonunua kwa kilo buchani. Wale wa buchani wana kazi rahisi: wautafute muhuri wa mkaguzi wa nyama. Sheria ya Usimamizi wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ya kuuziwa umma ikaguliwe. Alama hiyo hupigwa mwilini mwa mnyama kwa wino au rangi, na unayo haki ya kuomba uonyeshwe kabla paja halijakatwa vipande.

Wale wa kuchinja nyumbani ndio wenye hatari zaidi. Mwite afisa wa mifugo mapema, kabla ya siku ya pilikapilika, amtazame mnyama akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Na kwa vyovyote vile, usile wala usigawe nyama ya mnyama aliyekufa ghafla, hasa kama damu imemtoka puani, mdomoni au nyuma na haigandi. Hiyo ni dalili ya kimeta. Ugonjwa huo hupita kwa kushika, kwa kula na hata kwa kuvuta pumzi, na kupika hakutoshi kumlinda aliyemchuna. Mnyama wa namna hiyo hapasuliwi. Taarifa hupelekwa kwa afisa wa mifugo, naye husimamia kumfukia au kumchoma.

Nyama ya nguruwe pia inapendwa magharibi mwa Kenya, na nguruwe wengi huachwa wazurure wakijitafutia chakula. Wakila kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu, nyama yao hupata vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele. Ukiviona, usinunue. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakiingia mwilini kwa njia ya mikono au maji machafu, huweza kwenda hadi ubongoni na kuleta kifafa. Choo safi na mikono safi ndiyo kinga ya kwanza.

MAHINDI, NJUGU NA OMENA

Ukipita safu ya nafaka, utaona mahindi na maharagwe yakipimwa kwa gorogoro. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Mahindi makavu husikika yakigongana. Yaliyo na unyevu hukwama vidoleni. Harufu ya uvundo au punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi ni ishara ya kuvu. Kuvu wa aina fulani hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa, kuoshwa wala kukaangwa. Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliwapata watu 317 katika eneo la mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Njugu karanga nazo huathirika vivyo hivyo. Usinunue zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, na ukikutana na njugu chungu mdomoni, iteme. Usiimeze kwa aibu ya kuonekana na watu.

Omena huletwa kutoka Ziwa Victoria. Samaki huyu mdogo huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hivyo huupa mwili madini ya kalsiamu kwa wingi, na anafaa sana kwa watoto na akina mama wajawazito. Chagua wanaong'aa kama fedha, waliokauka, wasio na harufu ya kuoza. Kwa kuwa wengi huanikwa kwenye mchanga, wachague kwa mkono na uwaoshe kwa maji ya moto mara kadhaa kabla ya kukaanga.

Halafu ujaze kikapu mboga. Tsisaka, murere, likhubi, terere na mnavu ni vyakula ambavyo watu wa Nairobi huvinunua kwa bei ya kuruka, na hapa vinalala chini kwa mafungu. Vina madini ya chuma, vitamini A na nyuzinyuzi, na tumbo lililozoea chipsi litakushukuru. Zioshe vizuri na usizichemshe hadi zibadilike kuwa uji. Jambo moja la kuangalia: murere mara nyingi hulainishwa kwa musherekha, yale maji yanayochujwa kutoka kwa majivu. Maji hayo yana potasiamu kwa wingi. Mgonjwa wa figo na awaombe wapishi wamtengee mboga isiyo nayo. Naye anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asianze ghafla kula milima ya mboga za kijani bila kumuuliza daktari wake.

VYA KULA PALE PALE

Hakuna anayekwenda sokoni akarudi bila kuonja. Cha kukuongoza ni moto na ganda. Kitu kinachotoka motoni mbele ya macho yako, kama hindi la kuchoma au mandazi ya moto, kwa kawaida ni salama. Kadhalika kitu chenye ganda unalolimenya wewe mwenyewe, kama ndizi na chungwa. Lakini tunda lililokatwa asubuhi na kuachwa wazi kwa nzi, kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua, na maji ya matunda yanayouzwa ndani ya ndoo, yapite. Muwa ni mtamu, lakini umenye mwenyewe kwa kisu ulichokiosha.

Pombe haramu ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Wachuuzi huijua njaa ya wageni wa Krismasi, na wengine huchanganya methanoli ili kileo kikolee haraka. Novemba 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walifariki baada ya kunywa pombe ya aina hiyo, na wengine wakapofuka. Mtu akilewa kisha akalalamika kwamba haoni vizuri, anaumwa tumbo na anapumua kwa shida, asilazwe kitandani eti atazinduka. Apelekwe hospitali mara moja.

Na dawa? Usinunue vidonge kwa mchuuzi aliyevimwaga kwenye sinia juani. Beba dawa zako za shinikizo la damu au kisukari kutoka Nairobi, za kukutosha siku zote pamoja na wiki moja ya ziada.

NGUO ZA WATOTO NA VITU VYA KUCHEZEA

Nguo mpya ndiyo Krismasi ya mtoto. Za mitumba zioshwe kwa sabuni, zikauke juani na zipigwe pasi kabla ya kuvaliwa, ili kuondoa upele na chawa ikiwa wamo. Kwa vitu vya kuchezea, vuta kila kipande kidogo uone kama kinang'oka. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni. Vinavyotumia betri ndogo mfano wa kifungo ni vya kuepukwa kabisa iwapo kifuniko chake hakina skurubu. Betri hiyo ikimezwa huweza kutoboa koo kwa muda wa saa chache tu.

MBU HANA LIKIZO

Hapa ndipo watu wa mjini wengi hujidanganya. "Mimi nimezaliwa Khwisero, malaria hainiwezi." Kinga ya malaria ambayo mtu huijenga kwa kuumwa na mbu mara kwa mara hupungua anapoishi kwa miaka mahali pasipo na malaria nyingi kama Nairobi. Watoto wako waliozaliwa huko hawana kinga hiyo kabisa. Kakamega ni miongoni mwa kaunti za eneo la ziwa ambako malaria ipo mwaka mzima.

Kwa hivyo, unapokwenda sokoni, weka chandarua chenye dawa katika orodha yako kabla ya soda. Kila anayelala, hata kama ni sakafuni sebuleni pamoja na binamu zake 8, alale ndani ya chandarua. Mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mwenye ugonjwa wa selimundu wamwone daktari kabla ya safari. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa humu nchini Septemba 2019 katika sehemu za kaunti 8 za magharibi, Kakamega ikiwemo, lakini mtoto aliyekulia Nairobi huenda hakuipata.

Dalili huanza kuonekana siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati ambapo tayari umerudi kazini. Ukipata homa, kichwa kikauma au mtoto akakataa kula mwezi wa Januari, mwambie daktari bila kuulizwa: "Nilikuwa Kakamega." Maneno hayo mawili matatu yamewaokoa wengi, kwani daktari wa Nairobi huenda asifikirie malaria mara moja.

CHAKULA KIKIFIKA JIKONI

Kuku wa kienyeji hupikwa muda mrefu hadi nyama inaachana na mfupa, na moto huo huua vijidudu. Hatari ipo kabla na baada ya sufuria. Kabla, ni pale kisu na ubao uliomkatia kuku mbichi unapotumiwa kukatia kachumbari. Tenga visu, au oshea kwa sabuni na maji moto kwanza. Baada, ni pale chakula kinapopoa na kungoja wageni.

Fikiria sufuria kubwa ya wali iliyopikwa saa nne asubuhi kabla ya ibada. Wageni wanafika saa nane, wengine saa kumi na mbili. Vijidudu huzaana kwa kasi katika chakula kilicho vuguvugu. Baadhi ya vile vya wali huacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila moto au baridi. Kwa kuwa maboma mengi hayana jokofu, pika kwa awamu: sufuria ndogo mbili zinazofuatana ni bora kuliko moja kubwa inayolala. Mchuzi uache juu ya makaa ukiwa unafuka mvuke. Kinachobaki usiku kigawe kwa majirani kikiwa bado moto. Ni sadaka na ni afya.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku nzima, na soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo vijiko 7 au 8 vya chai. Kuka na kukhu wenye shinikizo la damu au kisukari wapakuliwe mapema, chakula kisicho na chumvi nyingi, na uji au maji badala ya soda. Wao hawatasema. Wataona haya kukataa ulicholeta kutoka Nairobi.

Mtu akiharisha, mpe mara moja maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya au kula. Akilegea, macho yakazama au kinyesi kikawa na damu, mkimbizeni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Misheni ya Mwihila ambayo iko humo humo Khwisero.

MFUKO NAO UNA AFYA

Mwisho, kumbuka karo. Watu huita mwezi ule Njaanuari si kwa mzaha. Deni hunyima mtu usingizi, na usingizi ukikosekana, shinikizo la damu hupanda na ugomvi huingia nyumbani. Andika orodha mezani pamoja na mwenzako, mkubaliane kiasi, na karo iachwe Nairobi. Shemeji akikuona unahesabu noti kwa uangalifu sokoni, mwambie ukweli. Wao pia wana watoto shuleni.

UKIENDA SOKONI, KUMBUKA:

* Nunua vitu vikavu kwanza, kuku, nyama na samaki mwisho.
* Beba vikapu viwili: kimoja cha vitu vibichi vya kupikwa, kingine cha vinavyoliwa vilivyo.
* Nyama bila muhuri, mahindi yenye ukungu na dawa za sinia, viache.
* Ukipanda bodaboda, vaa kofia ngumu, na msipande watu watatu.
* Nawa mikono kwa sabuni ufikapo nyumbani, kabla ya kushika chochote.
* Chandarua kwanza, soda baadaye.

Nenda mapema, kabla jua halijawa kali na kabla kuku wazuri hawajaisha. Krismasi njema.